Nyua za Wajane wa Haarlem

Mji wa Haarlem umekaa kandokando ya mto Spaarne, kiasi cha kilomita 20 magharibi mwa Amsterdam. Ulipata hati yake ya mji mwaka 1245 kutoka kwa Willem II, mtawala wa Holland, na kwa karne nyingi uliishi kwa bia na nguo. Wageni huujua kwa maua ya tulipu na kwa picha za Frans Hals. Tarehe hii inahusu kitu ambacho mpita njia hukikosa kwa urahisi, kwa kuwa kimefichwa nyuma ya malango ya mitaani: nyua ndogo zilizozungukwa na vijumba, zilizojengwa kwa mali ya watu waliokwisha kufa, ili wazee wasio na wa kuwatazama wapate pa kukaa hadi siku yao ya mwisho. Waholanzi huuita ua wa namna hiyo hofje. Haarlem bado inazo zaidi ya 20, na karibu zote zina watu ndani.

Kabla ya hofje walikuwako wabegini. Hawa walikuwa wanawake Wakatoliki walioishi pamoja kwa sala na kazi za mikono bila kula kiapo cha utawa cha maisha, na aliyetaka kuolewa aliruhusiwa kuondoka. Makazi yao ya Haarlem, Begijnhof, yalianza mwaka 1262. Kila mwanamke alikuwa na mlango wake, na wote walikuwa ndani ya boma moja. Matajiri wa mji waliona kwa macho yao kwamba wanawake wasio na waume wanaweza kukaa pamoja kwa amani na kwa gharama ndogo, na mpangilio ule wa nyumba ukawa tayari kuigwa.

Wa kwanza kuuiga, kati ya wale ambao kazi yao imesalia, ni Dirck van Bakenes. Hofje yake ilianzishwa mwaka 1395, na hakuna nyingine iliyo hai katika Uholanzi nzima yenye umri kuipita. Iko katika mtaa wa Bakenes, karibu na mto, na maandishi ya langoni yanataja kwa fumbo la hesabu kuwa ni ya wanawake 20 peke yao. Mwaka huo wa 1395 Wareno walikuwa hawajauzunguka ukingo wa Afrika. Hiyo itampa msomaji kipimo cha umri wa jambo lenyewe. Wafalme wameondoka, dini ya mji imegeuzwa kwa nguvu, majeshi ya kigeni yameingia na kutoka, na wanawake wa Bakenes bado wako pale.

Kwa nini hofje idumu hivyo, wakati sadaka nyingine za zama zile zimepotea bila hata jina? Jibu langu ni kwamba Dirck na waliomfuata hawakugawa fedha. Waliweka wakfu. Mwanzilishi alitenga majengo kwa ajili ya wazee, kisha akatenga mali nyingine ya kuyalisha majengo hayo: mashamba ya kukodisha nje ya mji, nyumba za kupangisha, au hati za deni zilizoleta faida kila mwaka. Halafu akateua wadhamini, akaandika nani atawarithi wadhamini hao wakifa, na akaandika sifa za wanaostahili kuingia. Mchango wa mkononi huliwa ukaisha. Shamba lenye mpangaji hulipa mwaka huu, na mwakani hulipa tena, na paa likivuja kuna pa kutoa pesa za vigae.

Karne iliyofuata ilikuwa ya watengeneza bia. Bia ya Haarlem ilisafirishwa kwa maji hadi miji mingine, na wenye viwanda vyake ndio walioketi katika baraza la mji. Mwaka 1472 mmoja wao, Jacob Huyge Roeper, pamoja na mkewe Katharina, walianzisha hofje ambayo hadi leo inaitwa Brouwershofje, yaani ya watengeneza bia. Mwaka 1489 ikafuata hofje ya Sijmon van Loo na mkewe Godelt, katika mtaa wa Barrevoetestraat. Katika zama hizo za Ukatoliki mwanzilishi alitarajia malipo yake: waliokaa bure walipaswa kuiombea roho yake. Hapakuwa na unafiki hapo. Tajiri aliamini kwa dhati kwamba sala ya mjane maskini inafika mbali kuliko sala yake mwenyewe, na alikuwa radhi kuilipia kwa tofali na chokaa.

Kisha ikaja miaka ya maafa. Haarlem ilijiunga na uasi dhidi ya Mfalme Philip wa Uhispania, na kuanzia Desemba 1572 jeshi lake likauzingira mji kwa miezi saba. Njaa iliwashinda mwezi Julai 1573. Mji ulisalimu amri, na askari wengi waliokuwa wakiutetea wakauawa baada ya kujisalimisha. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1576, moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji, Brouwershofje nayo ikiwemo. Mtu angedhani huo ndio mwisho wa wakfu wa Roeper, maana yeye mwenyewe alikuwa kaburini zamani. Lakini mali ya wakfu ilikuwa bado hai, na hofje ikajengwa upya miaka 10 baada ya kuungua.

Mwaka 1578 Wakalvini waliushika mji. Watawa wakafukuzwa, na mwaka 1581 mali za nyumba za watawa zikakabidhiwa kwa mji kufidia hasara ya vita na moto. Tendo hili lilikuwa dhuluma kwa waliopokonywa, na halifai kuitwa kwa jina laini zaidi. Hata hivyo ndilo lililofungua ardhi ndani ya kuta. Viwanja vya watawa, bustani zao na makanisa yao madogo viligeuzwa mitaa, na baadhi ya mitaa hiyo ikapokea hofje. Witte Herenstraat, mtaa unaobeba kumbukumbu ya watawa waliovaa kanzu nyeupe, una hofje mbili za zama hizo: ya Frans Loenen ya mwaka 1607, na ya Walutheri ya mwaka 1615.

Wahitaji hawakukosekana. Antwerp ilipoangukia mikononi mwa Wahispania mwaka 1585, wafumaji na wafanyabiashara wa kitani walikimbilia kaskazini kwa maelfu, na wengi wakatua Haarlem. Mji ambao jana ulikuwa magofu ulijaa vitanda vya kufumia, na kando yake, kuelekea vilima vya mchanga vya pwani, viwanja vya kuanikia kitani kiwe cheupe. Ilipofika mwaka 1622 wakazi walikaribia 40,000. Biashara ilitajirisha wachache upesi sana, na iliwachosha wengi. Mfumaji akifa, mkewe hakubaki na pensheni. Alibaki na watoto kama anao, na kama hana alibaki na mikono yake, hadi mikono nayo ikakataa.

Mwaka 1616 wanawake wawili walianzisha hofje zao katika mji huo mmoja. Guurtje de Waal, binti wa ukoo wa wafanyabiashara ya nguo, alijenga yake Lange Annastraat. Catharina Amen alijenga yake Warmoesstraat, na hiyo huitwa In den Groenen Tuin, katika bustani ya kijani. Katika tarehe za miji ya Ulaya ya zama zile mwanamke huonekana mara nyingi kama mke wa fulani. Hapa wanawake hawa wana majina yao wenyewe juu ya wakfu wao, na wosia wao umetiiwa kwa miaka zaidi ya 400.

Sasa tuingie ndani. Lango ni jembamba na mara nyingi liko katikati ya nyumba mbili za kawaida. Baada ya ujia mfupi unatokea uwanjani. Vijumba vimepangwa safu, mgongo wake ukiwa umeelekea nje na uso ukielekea uani, hata kelele ya soko haifiki. Kila kijumba kilikuwa na chumba kimoja chini chenye jiko la ukutani na kitanda kilichojengwa ndani ya kabati, na juu yake dari ya kuhifadhia vitu. Katikati ya ua kuna bomba la maji la kuvuta kwa mkono, la wote. Majani ya uwanjani hayakuwa pambo. Nguo zilizofuliwa zilitandazwa juu yake ziwe nyeupe. Mahali pazuri kuliko pote palikuwa chumba cha wadhamini, chenye meza kubwa, hesabu za wakfu na picha ya mwanzilishi ukutani.

Aliyekubaliwa alipata makazi bila kodi, na pamoja na makazi alipata mgawo: mkate, siagi au pesa kidogo kwa vipindi maalumu, na mboji kavu iliyokatwa kutoka kinamasini, ambayo ndiyo iliyokuwa kuni ya Uholanzi. Katika nchi ya baridi ile, mgawo wa mboji ulikuwa uhai wenyewe. Mzee mwenye chumba kisicho na moto mwezi Januari hakuwa na tofauti kubwa na mzee aliye barabarani.

Lakini mlango huo haukufunguka kwa kila mtu, na hapa tarehe inayoandikwa kwa kusifu tu humdanganya msomaji. Kwanza, hofje karibu zote zilikuwa za wanawake, wasioolewa au wajane, na mara nyingi wenye umri wa miaka 50 kwenda juu. Pili, ilitakiwa sifa njema: mwanamke aliyejulikana mtaani kwa ugomvi au ulevi hakupewa hata nafasi ya kujieleza. Tatu, na hili ndilo zito, alitakiwa kuwa wa kanisa la mwanzilishi. Baada ya 1578 Haarlem ilikuwa mji wa madhehebu mengi yaliyoishi pamoja kwa kuvumiliana huku yakitengana. Wakalvini walishika makanisa makuu. Wakatoliki walikatazwa kuabudu hadharani wakasali katika nyumba zilizofichwa. Wamenno, waliobatiza watu wazima tu na kukataa kubeba silaha, walikuwa wengi miongoni mwa wafumaji na wafanyabiashara. Kila kundi lilijenga la kwake. Wamenno walikuwa na hofje ya Bruining tangu 1610. Wakatoliki walikuwa na hofje za Codde na za Beresteyn. Mjane asiye na kanisa, au mgeni aliyefika mwaka jana, alibaki kutegemea ofisi za maskini za mji.

Aliyeingia naye aliingia katika amri. Lango lilifungwa usiku. Kulaza mgeni bila ruhusa kulikatazwa, na kuolewa kulimaanisha kuhama. Katika hofje nyingi aliyeingia alitoa ada ya kiingilio, na alipokufa, vyombo na samani zake vilibaki kuwa mali ya wakfu. Wadhamini walikuwa watu wa daraja la juu, mara nyingi jamaa wa mwanzilishi, na haki ya kuchagua nani aingie ilirithiwa katika ukoo. Kwa hiyo mwanamke mzee aliyetaka kijumba alipaswa kujulikana na kupendeka kwa familia fulani miaka mingi kabla hajazeeka. Pamoja na hayo yote, naamini waanzilishi walilipata jambo moja ambalo nyumba nyingi za wazee za leo zimelikosa: mzee alikuwa na mlango wake mwenyewe wa kufunga, chungu chake, na ufunguo mfukoni. Alisaidiwa bila kulazwa bwenini.

Wanaume hawakusahaulika kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 17 mji uliamua kujenga nyumba ya wazee wanaume, Oudemannenhuis, katika mtaa wa Groot Heiligland. Pesa za mji hazikutosha, na namna zilivyopatikana inastahili kusimuliwa. Uliandaliwa mchezo mkubwa wa bahati nasibu. Ili kuutangaza, chama cha washairi cha Haarlem kilichoitwa Trou Moet Blijcken kiliwaalika mwaka 1606 washairi wa miji mingine ya Holland waje kushindana. Waliingia mjini kwa maandamano, na mavazi na mabango, wakatunga na kuigiza juu ya wajibu wa kuwasaidia maskini. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka uliofuata, 1607, mwaka ambao bahati nasibu yenyewe ilichezwa katika uwanja wa Grote Markt. Tiketi zilikuwa nyingi mno hata kazi ya kuzitoa moja moja iliendelea usiku na mchana kwa wiki kadhaa. Watoto, watumishi na matajiri, wote walikuwa na tiketi. Katika mji wa wapenda senti kama ule, nadhani ilikuwa busara kubwa kutambua kwamba asiyetaka kutoa sadaka atanunua bahati, na kwamba asiyesikia mahubiri atasikiliza shairi.

Nyumba ilifunguliwa mwaka 1609. Ilikuwa na vijumba 30 kuzunguka ua, na katika kila kimoja waliwekwa wanaume wawili. Aliyeingia alikuwa na miaka 60 au zaidi, mwenye heshima zake na asiye na mke. Alipaswa kuja na kitanda chake, kiti chenye mto, chombo cha haja ndogo cha bati, mablanketi matatu, mashati mazuri sita na kofia sita za kulalia. Lango lilifungwa saa mbili usiku wakati wa kiangazi, na saa moja wakati wa baridi. Kila wiki wazee walizungusha kisanduku cha sadaka mjini kuwachangia wenzao. Orodha ile ya mashati na kofia yaweza kuchekesha, lakini inasema jambo zito: maskini kabisa, asiye na hata blanketi, hakufikiriwa. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya fundi mzee aliyeporomoka kidogo, mtu ambaye majirani walimwonea aibu kumwona akiomba.

Mwaka 1664 wadhamini wa nyumba hiyo walimwita Frans Hals awachore. Alikuwa amevuka miaka 80. Alichora picha mbili: moja ya wadhamini watano wanaume na mtumishi wao, nyingine ya wanawake wanne waliosimamia mambo ya ndani, pamoja na mtumishi wao wa kike. Miaka 20 na ushei kabla, mwaka 1641, aliwahi kuwachora wadhamini wa hospitali ya Mtakatifu Elisabeth, iliyokuwa mtaa huohuo. Picha za 1664 ni za giza zaidi. Rangi nyeusi imetandazwa kwa haraka, mikono imekaa mapajani kama imechoka, na nyuso zinatutazama bila kutabasamu.

Baadaye ilizuka hadithi kwamba Hals aliishi humo kwa hisani ya watu hao, na kwamba aliwachora vibaya ili kulipiza kisasi. Hadithi hiyo haina msingi. Hals hakuwahi kuwa mkaaji wa Oudemannenhuis. Ni kweli alikuwa ameishiwa: mji ulimpa gilda 200 kwa mwaka na mikokoteni mitatu ya mboji. Alifariki mwaka 1666 akazikwa katika kanisa kuu la Mtakatifu Bavo. Mkewe, Lysbeth Reyniers, alibaki hai, na mwaka 1675 ilimbidi apeleke ombi kwa mji kutafuta msaada. Akapewa stuiver 14 kwa wiki. Mjane wa mchoraji mkubwa kuliko wote wa Haarlem aliishia kuwa mtu wa aina ileile ambayo hofje zilijengwa kwa ajili yake.

Jambo jingine huniumiza nikizifikiria picha hizo. Tunazijua nyuso za wadhamini, tunaujua hata mkunjo wa kola zao. Wazee 60 waliokaa vijumbani hakuna aliyewachora. Vivyo hivyo katika hofje za wanawake: jina la mwanzilishi limechongwa langoni, wosia wake umehifadhiwa, nembo ya ukoo wake imepakwa dhahabu. Mwanamke aliyekaa humo miaka 25 akivuta maji kwenye lile bomba, kama ameandikwa popote, ni katika daftari la mgawo wa mkate.

Uhusiano wa Hals na hofje hauishii hapo. Willem van Heythuysen, mfanyabiashara wa nguo ambaye Hals alimchora zaidi ya mara moja, alifariki mwaka 1650, na kwa wosia wake ikaanzishwa hofje mwaka 1651 mahali palipokuwa na nyumba yake ya shamba, nje ya lango la kusini la mji. Picha ambazo Hals aliwachora watu wa ukoo wa Beresteyn zilitundikwa miaka mingi katika hofje ya ukoo huo, hadi mwaka 1885 zilipouzwa kwa jumba la Louvre la Paris.

Karne ya 18 ilikuja na tabia nyingine. Viwanda vya bia na kitani vilikuwa vinadhoofika, watu wanapungua, lakini matajiri wachache waliobaki walikuwa matajiri kuliko babu zao. Hofje zao hazikujificha tena. Ysbrand Staats, mfanyabiashara wa nyuzi, aliacha mali iliyojenga mwaka 1730 ua wenye sura ya jumba la kifahari katika Jansweg. Hofje ya Noblet ilifuata mwaka 1761. Ile ya Wouterus van Oorschot, iliyojengwa baada ya kifo chake mwaka 1768, haina hata ukuta upande wa Kruisstraat: ua wote umeachwa wazi nyuma ya uzio wa chuma, ili kila apitaye aone. Kwa macho ni nzuri. Mimi nazipenda zaidi zile za kale, ambazo mwenyeji huingia kwake bila kutazamwa na mtaa mzima.

Mkubwa wa kundi hilo alikuwa Pieter Teyler van der Hulst, Mmenno, mwenye biashara ya nguo na fedha, aliyezaliwa mwaka 1702 na kufa bila mtoto mwaka 1778. Wosia wake uliunda taasisi ya kushughulikia dini, sanaa, sayansi na maskini kwa pamoja. Kwa pesa zake likafunguliwa mwaka 1784 jumba la makumbusho la Teyler, la kwanza kabisa Uholanzi, na mwaka 1787 ikakamilika Teylers Hofje kando ya mto, Koudenhorn, yenye nguzo nzito langoni kama za hekalu. Mjenzi wa yote mawili alikuwa mmoja, Leendert Viervant. Naliheshimu sana wazo la Teyler la kuweka darubini na kijumba cha mjane katika wosia mmoja, bila kuona kwamba kimoja kinakishushia kingine hadhi.

Pigo lililotikisa wakfu hizi zote halikuwa moto wala mizinga. Mwaka 1810 Napoleon aliimeza Uholanzi katika milki yake, akaamuru kwamba faida ya hati za deni la nchi ilipwe theluthi tu. Wadhamini wengi walikuwa wameuza mashamba zamani na kununua hati hizo kwa kuwa ndizo zilizoonekana salama kuliko vyote. Mapato yakaanguka siku moja, na wakfu wenye wazee wa kulisha ukajikuta na mgawo wa theluthi moja. Mkate ukapunguzwa, mboji ikapunguzwa, matengenezo yakaahirishwa. Mwaka huohuo wazee wa Oudemannenhuis walihamishwa, na jengo lao likapewa mayatima, waliokaa humo hadi 1908. Tangu 1913 limekuwa makumbusho ya Frans Hals, na picha mbili za 1664 zimetundikwa chini ya paa la nyumba ambayo watu waliochorwa humo waliisimamia.

Karne ya 19 haina mengi. Mji ulijaa reli na viwanda, na mitaa ikapanuliwa. Mwaka 1885 sehemu ya hofje ya Van Loo ilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara, na ndiyo maana leo vijumba vyake vinaonekana wazi ukiwa mtaani. Sheria ya maskini ya 1854 iliacha kazi ya kuwasaidia wahitaji mikononi mwa makanisa na wakfu, serikali ikijiweka nyuma. Hofje ziliendelea, zikizeeka pamoja na waliokaa ndani.

Mabadiliko halisi yalikuja tarehe 1 Januari 1957, serikali ilipoanza kumlipa pensheni kila mzee kwa sheria. Kwa mara ya kwanza tangu Dirck van Bakenes, mjane wa Haarlem hakuhitaji kupendeka kwa ukoo wa mtu yeyote ili asilale njaa. Naona hilo kuwa tendo kubwa kuliko hofje zote zikiwekwa pamoja, na sidhani waanzilishi wenye imani ya kweli wangelikana. Swali likawa: vijumba vifanyweje? Chumba kimoja chenye choo cha pamoja uani hakikuwa tena makazi yanayokubalika. Wadhamini walichagua kutobomoa. Vijumba viwili viliunganishwa kuwa kimoja, vikaingizwa jiko, bafu na joto la mabomba, na wakaaji wakaanza kulipa kodi kutokana na pensheni zao. Idadi ya wakaaji ilipungua, lakini nyua zilibaki, na nyingi zinalindwa na sheria ya majengo ya kale.

Hofje nyingi za Haarlem hadi leo zinachukua wanawake wanaoishi peke yao, na anayetaka nafasi hungoja. Mgawo wa mkate haupo, na dini haiulizwi kama zamani. Mwaka 2007 ilijengwa hofje mpya kwa ajili ya wazee, Johannes Enschedé Hof, katika eneo la kiwanda cha zamani cha uchapaji cha Enschedé, kwa michoro ya Joost Swarte na Henk Döll. Kujenga hofje mpya miaka 612 baada ya ile ya Bakenes si kazi ya kuhifadhi mambo ya kale. Ni kukiri kwamba mzee anayeishi peke yake anahitaji mlango wake mwenyewe na jirani anayeona kama mapazia hayajafunguliwa asubuhi.

Malango mengi huachwa wazi mchana, Jumatatu hadi Jumamosi, na mengi hufungwa Jumapili. Ukifika Haarlem ingia, tembea taratibu, lakini usichungulie madirisha wala kupiga picha za vyumba vya watu. Kila ua unaoingia ni nyumbani kwa mtu.